Makatibu wa Thenashara Taifa

Mhadhara kwa wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa

Wazee wangu wa Tisa Taifa na wa Thelatha Taifa, masharifu, kina bibi na kina mama, na nyinyi vijana mliokaa ngazini kwa kukosa viti:

Ada ya mikutano kama huu ni kuwasifu wahenga waliokuja kukaa kisiwani hapa. Leo naomba tuwapumzishe. Walikuja, wakajenga, wakafa, na sifa zao hazitapungua kwa jioni moja. Ninaotaka tuwakumbuke ni watu wa karibu zaidi, ambao baadhi yao mliwaona kwa macho na kuwaamkia njiani: wale walioshika kalamu wakaandika kwamba kuna watu walikuja. Nitawaita makatibu, ingawa hakuna baraza lililowaajiri na wengi wao hawakulipwa hata gharama ya wino.

Nina dai moja. Kumbukumbu ya nasaba katika mji huu ilishikwa sana pale ilipokuwa na kazi ya kufanya. Ilipokosa kazi, ilibaki mikononi mwa watu wachache waliokuwa na sababu zao za kuishika. Tunawasifu kwa walichokihifadhi, lakini hizo sababu zao tunazinyamazia kwa adabu. Mimi naona adabu hiyo inawapunguza.

Tuanze na mambo ambayo wazee wanayajua kuliko mimi, kwa faida ya vijana. Thelatha Taifa ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Washaka, Wafaza, Wapate, Wagunya na Wakatwa. Kwa pamoja ndio Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Ukiyasikiliza majina hayo polepole utaona kwamba mengi yake ni mahali palipoachwa. Kilifi na Mtwapa ilikuwa miji ya mawe iliyosimama kwa karne nyingi kabla watu wake hawajahama. Magofu ya Mtwapa bado yapo ukivuka daraja kuelekea kaskazini. Shaka ilikuwa huko kwenye mlango wa Mto Tana. Faza na Pate ni kisiwa kimoja, na watu wa miji hiyo miwili hawakupatana hata walipokuwa kwao. Wengine walikimbia vita, wengine waliwakimbia Wagala waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini, wengine walikuja kwa biashara wakaoa. Walipofika Mvita hawakusema "sisi sasa ni watu wa hapa" wakaishia hapo. Kila kundi lilichukua jina la mji uliokufa, likaupa shekhe, likaupa nafasi barazani, na mji huo ukaendelea kuishi ndani ya mji mwingine.

Kwa hivyo mnaponiambia tuunde chama cha kuwakumbuka mababu waliohamia, jawabu langu ni kwamba chama hicho kipo, na ni cha zamani. Kina matawi kumi na mawili. Huko Marekani kuna jumuiya ya wazao wa abiria wa meli ya Mayflower, iliyofika mwaka 1620. Jumuiya yenyewe iliundwa mwaka 1897, na mwenye kutaka kuingia hudaiwa ushahidi wa karatasi, kizazi juu ya kizazi, hadi afike kwenye sitaha ya meli ile. Sisi hatukuwa na mlango wa namna hiyo. Mtu aliweza kuja nyuma kabisa, akafadhiliwa na taifa moja, akaoa humo, na wajukuu wake wakahesabiwa. Kundi la mwisho kufika lilikuwa na shekhe sawa na kundi la kwanza. Baadhi yenu hamtapenda nikisema hivi, lakini Thenashara Taifa ulikuwa mkataba kwanza, na damu ikafuata.

Mkataba huo ulikuwa na kazi. Mwaka 1729 watu wa mji huu walipowainukia Wareno mara ya mwisho, ujumbe uliokwenda Oman kuomba msaada ulikuwa wa Thenashara Taifa pamoja na majirani zetu wa Mijikenda. Mtu haendi mbele ya Imamu akasema "nimetumwa na watu" bila kutaja watu gani. Ilibidi taifa litajwe, shekhe wake atajwe, na ahadi itolewe kwa jina lake. Baadaye, katika utawala wa Mazrui, kila upande ulikuwa na tamim wake, yaani kiongozi wake, na mtawala aliyetaka kutawala kwa utulivu ilimbidi awasikilize wote wawili. Seyyid Said wa Busaidi, mtawala wa Oman, alipoutia mji mkononi mwaka 1837, ufa uliokuwa kati ya makundi ya hapa ulimsaidia kuliko mizinga yake. Wakati huo hakuna aliyehitaji kuandika nasaba kitabuni. Kila mtu alijua nani akae wapi, na aliyesahau alikumbushwa hapo hapo, mbele za watu.

Hali iligeuka Mwingereza alipokuja na ofisi. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi ya Pwani: kila mwenye kudai shamba au kiwanja alitakiwa aje mbele ya ofisa athibitishe. Mataifa yetu yaliyokuwa na ardhi ya pamoja yakajikuta yanaulizwa swali ambalo halikuwahi kuulizwa: nyinyi ni nani, mlipewa na nani, na mpaka uko wapi? Wazee wakaitwa mashahidi. Waliyokuwa wakiyasema barazani kwa kupokezana, huyu akianza na yule akimaliza, sasa yalisemwa na mtu mmoja aliyesimama peke yake mbele ya mkalimani na karani.

Miaka miwili baadaye, sheria ya kodi ya mwaka 1910 ikawatia Thenashara Taifa katika hesabu ya "wenyeji", na Waarabu ikawaweka kando. Katika miaka ya 1920 Waarabu wakapata kiti cha kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na Thenashara Taifa wakafungiwa nje ya kura hiyo. Fikirini maana yake kwa mtaa kama Kibokoni au Kuze, ambako ndugu wa mama mmoja waliweza kuangukia pande mbili za daftari. Nasaba, iliyokuwa ikitumika kumpokea mgeni, ikaanza kutumika kumtenga jirani. Watu wakaenda kutafuta nisba za Kiarabu. Waliokuwa nazo wakazing'arisha, waliokuwa hawana wakazipata. Simcheki mtu hapa. Mtu anayeambiwa kwamba kodi yake, kura yake na heshima yake mbele ya karani vinategemea babu wa saba, atamtafuta babu huyo mpaka ampate.

Mwaka 1927 Thenashara Taifa wakaunda Afro-Asian Association, kwa sababu chama cha Waarabu wa Pwani kilichokuwapo kiliwaacha. Jina hilo lilikuwa na ujasiri wake: lilikataa kuchagua. Miongoni mwa waliokuwa katika mapambano hayo ni Sheikh Hyder Kindy, na nataka nikae kwake kwa muda, kwa sababu kitabu chake hakisomwi mjini kwao kama inavyopasa.

Kinaitwa "Life and Politics in Mombasa", kilitolewa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1972. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na hilo peke yake ni hasara kwetu. Hyder Kindy alikuwa mtu wa Thenashara Taifa, tena mwanasiasa, na haandiki kama mtu aliyekuwa juu ya dari akitazama ugomvi chini. Yumo ndani, ana watu wake na mahasimu wake, na anawaeleza wote kwa namna ambayo msomaji anaona wazi anakoelemea. Mimi napenda hivyo. Anatuonyesha kwamba ugomvi wa nani Mwarabu na nani Mswahili haukukaa katika makaratasi ya serikali tu. Uliingia katika ngoma, katika harusi, katika mambo ambayo mgeni angeyaona ni mchezo. Katika beni, ngoma ya mashindano ya mji huu, makundi ya Kingi na Skochi yalishindana kwa mavazi, kwa maandamano na kwa karamu za kufilisi, na nyuma ya mashindano hayo palikuwa na mitaa na koo zenye deni la zamani. Ukitaka kujua Thenashara Taifa walikuwa nini baada ya mabaraza yao kupokonywa mamlaka, anza hapo. Mkataba ulipokosa dola, ulihamia ngomani.

Kabla ya Hyder Kindy alikuwapo mwingine, ambaye bila yeye tusingekuwa na mengi ya kuzungumza. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alifariki mwaka 1890. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita wa zama za Mazrui, alikuwa amefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani kwa karibu nusu karne, na kila mzee aliyezikwa alizikwa na beti zake. Mwalimu Sikujua alizikusanya. Akamkuta, au akakutwa na, W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa na sikio zuri la Kimvita, na kwa kazi yao hati zile zikavuka bahari. Mwaka 1940 William Hichens akazichapisha huko Johannesburg kwa jina la "Diwani ya Muyaka". Jina la Muyaka likasimama juu ya jalada, na haki yake. Jina la Hichens likakaa chini yake. Mwalimu Sikujua ukimtaka lazima umtafute ndani.

Sababu yake ilikuwa nini? Alifanya kazi na mmisionari, wakati ambapo upande wa pili wa maji, Freretown, watumwa walioachwa huru walikuwa wakifundishwa dini nyingine tangu mwaka 1875. Naamini wako waliomsema. Mwanachuoni Mwislamu wa mji huu kukaa na padri kumfafanulia methali na mashairi haikuwa jambo la kupita bila maneno barazani. Lakini yeye aliona wanaokumbuka wanaondoka, na aliyekuwa na karatasi, subira na hamu alikuwa yule padri. Alichagua. Ninapomlinganisha na wenzake wote nitakaowataja leo namweka mbele, kwa sababu moja: hakukusanya nasaba yake. Nisba yake inamrudisha Pate, lakini alichokiokoa ni maneno ya mji uliompokea, pamoja na kejeli zake, matusi yake ya kishairi na vita vyake vya kijinga na Lamu. Katibu anayehifadhi na yale yasiyompamba ndiye katibu.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui nitamtaja kwa ufupi, kwa kuwa mji huu unamkumbuka vizuri kwa mengine. Alizaliwa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu, akafariki mwaka 1947. Magazeti yake, "Sahifa" na baadaye "Al-Islah", mwanzoni mwa miaka ya 1930, yaliwasema Waislamu wa Pwani bila kuwapaka mafuta. Aliandika pia kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, Mazrui waliotawala hapa wakang'olewa na Busaidi. Kitabu hicho kilichapishwa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, karibu miaka 50 baada ya kifo chake. Ni historia ya walioshindwa, imeandikwa na mjukuu wao aliyekuwa na cheo katika serikali iliyomtambua mshindi. Isomeni hivyo. Na kuna jambo lingine: mwamko wa dini ambao yeye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake uliwafanya wengi, baada yake, kuzitilia shaka ada za mji, ikiwamo Siku ya Mwaka, ambapo ng'ombe alizungushwa mji kisha akachinjwa, na mataifa yakajulikana kwa zamu na nafasi zao. Kwa mtazamo wangu hakuna aliyekosea hapo. Ila tujue kwamba mwamko ule ule uliotupa kitabu kimoja cha historia ulifunga darasa jingine la historia, lililokuwa likisomeshwa kwa miguu kila mwaka.

Sir Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani katika miaka ya 1940 na 1950, alikuwa mkusanyaji wa hati na msaada mkubwa kwa kila aliyetafiti tenzi zetu. Kitabu chake kuhusu al-Akida na Ngome ya Yesu kilitoka mwaka 1950. Kinamhusu Muhammad bin Abdallah aliyemkaidi Sultan Barghash wa Unguja akajifungia Ngomeni, mpaka manowari za Kiingereza zikamtoa kwa mizinga mwezi Januari 1875. Liwali anaandika kuhusu akida muasi: je, mnategemea amsifu? Hata hivyo aliutumia utenzi wa Abdallah bin Masud Mazrui uliotungwa juu ya kisa hicho, na kwa kufanya hivyo akatuwekea sauti nyingine ndani ya kitabu chake mwenyewe. Mtumishi wa serikali hakuweza kufanya zaidi ya hapo, na wengi wamefanya pungufu.

Ngome yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Ikachimbuliwa na James Kirkman, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Nayasema haya haraka kwa makusudi. Kila mtalii anaambiwa habari za Ngome. Ni jengo la mgeni, limechorwa na Mtaliano Cairati, likaanzwa na Wareno mwaka 1593, na lina vibao. Jomvu haina kibao. Wala Kilindini ya zamani, iliyozama chini ya bandari na majina ya maghala.

Kutoka zama za karibu nawataja wawili. Sheikh Yahya Ali Omar, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2008, aliimalizia kazi yake London, na pamoja na P. J. L. Frankl wakatoa matini tatu za nathari katika Kiswahili cha Mombasa mwaka 1998. Nathari, wapenzi wangu. Mji huu unajivunia mashairi hadi unasahau kwamba watu wake huongea pia. Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa mtu wa Mvita kwa kuzaliwa. Alitoka Lamu, akaishi na kufanya kazi hapa. Utungo wake "Sambo ya Kiwandeo" unaeleza jahazi la Lamu kipande kwa kipande, kila ubao na jina lake. Mwajua jambo linalonifurahisha? Mtu wa kaskazini amehamia Mombasa akiwa amebeba mji wake kichwani, kama walivyofika Wafaza na Wapate. Tofauti ni kwamba yeye aliyeandika hakudai shekhe wala nafasi barazani.

Sasa nifike pale ambapo makatibu wote niliowataja walinyamaza kwa pamoja.

Hadi mwaka 1907 utumwa ulikuwa halali katika pwani hii. Katika nyumba za mawe tunazozihifadhi leo, zile za Ndia Kuu na Mkanyageni ambazo mpango wa uhifadhi wa mwaka 1990 ulizipima milango na roshani, waliobeba chokaa na boriti walikuwa pia wahamiaji. Walitoka Nyasa, kwa Wayao, na kwingine bara, na kuja kwao hakukuwa hiari. Hawakupewa taifa la kumi na tatu. Wengine waliingia katika mataifa yaliyowamiliki, kwa jina la mwenye nyumba, na wajukuu wao wako nasi hapa, pengine kwenye ngazi zile, na ni watu wa Mvita kama yeyote. Ukifungua shajara za nasaba zilizopigwa fremu kwenye kumbi zetu hutawaona, au utaona tawi linaanza ghafla bila shina.

Waliowatia katika maandishi ni wanawake. Margaret Strobel, Mmarekani, alitoa mwaka 1979 kitabu chake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, na humo tunakutana na vyama vya ngoma ya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada miongoni mwao, vilivyokuwa na vyeo, michango na uadui kama wa Kingi na Skochi. Kisha mwaka 1989, pamoja na Sarah Mirza, mtu wa hapa, wakatoa masimulizi ya wanawake watatu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kiswahili chake kikafuata. Bi Kaje ni wa ukoo ulioshika watumwa, Mishi ni wa ukoo wa walioshikwa na alikuwa kungwi. Wanazungumzia mji mmoja, harusi zile zile, na mara nyingine ungedhani ni miji miwili. Hakuna shekhe wala liwali aliyetupa hilo. Na jambo la kuangaliwa ni kwamba Mishi, kwa kazi ya ukungwi, aliingia ndani ya nyumba nyingi na kuyajua mambo ya koo nyingi kuliko wazee waliokuwa wakishindana kuhusu babu wa saba.

Ndiyo maana nikipewa nafasi ya kusema kwenye chama mnachotaka kukiunda, jambo la kwanza nitakalolipinga ni sharti la nasaba. Mkataba wetu wa zamani haukuwa nalo. Ofisi ya kodi ndiyo iliyolileta. Jambo la pili ni haraka ya kuchapisha shajara kubwa yenye rangi ya dhahabu. Kabla ya shajara kuna masanduku. Kwenye nyumba zenu mna barua za madeni, hati za wakfu, mahari zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa lugha ya Kiswahili, daftari za lelemama zenye majina na michango, na karatasi ambazo mwenyewe aliziona hazina maana akafungia ndani yake mapande ya mkufu. Chumvi ya hewa hii na mchwa havisomi umuhimu wa mtu. Daftari la ngoma linaliwa sawasawa na hati ya kadhi.

Mwenye sanduku asiliuze kwa mgeni wala asilipeleke kokote kwanza. Alifungue mchana, mahali pakavu, na mtu mmoja anayejua kusoma herufi hizo. Kila karatasi aitilie bahasha yake, na juu ya bahasha aandike kwa penseli nani aliandika, kwa niaba ya nani, na alitaka nini. Hilo la tatu mara nyingi mtabishana. Andikeni mabishano yote mawili.

Nimemaliza upande wangu. Maswali nayapokea, na ningependa la kwanza litoke kwa kina bibi.